Anza na ukuta: kuandaa maonyesho yako ya kwanza ya peke yako, Lubumbashi

Siku tatu kabla ya kufungua maonyesho yangu ya kwanza ya sanaa, kazi kubwa kuliko zote ilianguka usiku kutoka ukutani. Mlinzi alisikia kishindo, akadhani ni wezi. Asubuhi nikaikuta imelala kifudifudi, waya za shaba zimetapakaa sakafuni, na msumari umebaki ukutani, umepinda kama ndoana. Niliibeba mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa jirani ili anipimie. Swali lake la kwanza lilikuwa kama shaba ile nauza kwa kilo. Mizani ikasema 19. Miezi minne nilikuwa nalala chumba kimoja na kazi ile na sikuwahi kujua uzito wake.

Ndiyo sababu wadogo zangu wakija kuniuliza habari za mialiko, hotuba na nguo ya siku ya kufungua, nawarudisha kwenye ukuta.

Kazi zangu ni za mchanganyiko: mabaki ya vitenge kutoka kwa washonaji wa Kenya (komine, yaani mtaa mkubwa wa mji wetu huu, si ile nchi), magunia ya makala (makaa), waya wa mota zilizoungua, na karatasi za mshahara za marehemu baba, za enzi za zaire na makuta, pesa zetu za zamani. Waya nanunua kwa fundi ninayemfahamu, na ananiandikia risiti. Katika mji huu ukionekana umebeba shaba utaulizwa umeitoa wapi, na jibu la kwamba wewe ni msanii halitoshi.

Sasa gundi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoharibu kazi tano. Nilikuwa nabandika shaba kwa silikoni ya kuzibia madirisha, ile inayonuka siki. Ilishika vizuri sana. Baada ya wiki mbili, pembeni mwa kila waya pakatokea mstari wa kijani, na kitenge cheupe cha chini kikaunywa ule ukijani kama wino. Ile harufu ya siki ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, nayo ndiyo inayoila shaba. Siku hizi sibandiki shaba juu ya nguo, naishona. Natoboa tripleksi (plaiwudi) ya milimita 12 matundu mawili mawili, napitisha waya mwembamba, nauzungusha kwenye kile kipande cha shaba, kisha naukaza nyuma kwa koleo, kama unavyofunga kifungo cha koti. Hata gundi yote ikiachia, shaba haiendi popote. Gundi nyeupe ya mbao nimeiachia karatasi na nguo tu, na kila kilichobandikwa kinalala siku nzima chini ya matofali.

Shaba yenyewe isugue kwanza kwa ndimu na chumvi mpaka iwe nyekundu. Suuza kwa maji mengi, kausha vizuri, halafu paka vanishi au nta siku hiyohiyo. Usiposuuza, ndimu itafanya kazi ileile ya siki. Kama unatumia malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, usiikate wala kuisaga ikiwa kavu. Lile vumbi zuri la kijani ni shaba, na mapafu hayaihitaji. Lowesha jiwe, vaa barakoa, fanyia kazi nje. Na usijaribu kushona chuma juu ya turubai iliyokazwa kwenye fremu: ndani ya mwezi mmoja italegea katikati kama kitanda cha kamba.

Ukumbi ukishapata, nenda ukiwa na mita, daftari na msumari mmoja, kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Nyumba za zamani za katikati ya mji zina matofali ya kuchoma: yanashika vizuri, lakini plasta ya juu inamomonyoka, kwa hiyo toboa mpaka ulifikie tofali lenyewe. Bloku za saruji hupindisha msumari. Hapo ni mashine ya kutoboa, shevili (vile vibomba vya plastiki vya kuingiza tunduni) na visi, yaani skrubu. Ukisikia ukuta unalia kama ngoma, ni ukuta wa kugawia chumba tu, usiupe zaidi ya kilo mbili tatu.

Kwa kazi nzito, fundi wangu wa mbao alinifundisha jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila kitu kinachozidi kilo tano. Chukua ubao wa upana wa sentimita 10, uupasue kwa urefu, msumeno ukiwa umeinamishwa digrii 45. Nusu moja ifunge ukutani kwa visi, ule mkato ukiteremkia ukutani, ili kati yake na ukuta pawe na mfereji. Nusu nyingine ifunge nyuma ya kazi, ncha ikitazama chini, iingie katika mfereji huo. Uzito wa kazi ndio unaoibana. Chini, nyuma ya kazi, weka kibanzi chenye unene uleule, la sivyo kazi itainamia ukuta kama mlevi.

Urefu wa kutundika usiukadirie kwa macho, maana baada ya saa tano za kutoboa macho yanadanganya. Mimi natafuta kitovu cha kazi kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Kazi yenye urefu wa 90 ina nusu ya 45. Kama kishikizo cha nyuma kiko 10 chini ya ukingo wa juu, unatoboa kwenye 150 + 45 − 10, yaani 185. Andika hesabu hiyo nyuma ya kila kazi, pamoja na uzito wake.

Kanuni hii niliivunja mara moja, na nafurahi. Siku ya kufungua aliingia mzee mmoja aliyestaafu, akaenda moja kwa moja kwenye kazi yenye karatasi za baba. Akavaa miwani, akainua shingo, akaanza kusoma tarakimu kwa sauti: zaire ngapi, makuta ngapi, makato gani. Shingo ikamuuma, akaomba kiti apande! Usiku ule tuliishusha sentimita 20. Kazi yenye maandishi ya kusomwa ishuke, wanaokuja kuisoma ni wazee.

Kuhusu idadi: nilipeleka kazi 31, chumba kilikuwa mita 6 kwa 5, nikatundika 14. Chora kuta zako kwenye karatasi ya viboksi, sentimita moja kwa kila 20, kata kila kazi kwa kipimo hicho, uzisogeze mezani kabla hujagusa nyundo. Kazi inayokusumbua mezani itakusumbua ukutani pia, iache nyumbani.

Mwanga wa kazi zenye matuta utoke ubavuni na juu kidogo. Ukiupiga kutoka mbele, kitenge kinaonekana kama picha ya gazeti na shaba inamng'aria mtu machoni. Mwezi wa sita jua letu linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, basi mimi nilifungua saa tisa. Umeme ulikatika saa kumi na moja, na karibu watu wote walikuwa wameshaona. Jenereta ya kukodi iwekwe mbali na mlango, na alonji, yaani waya wa kurefushia umeme, iwe ndefu.

Bei. Najumlisha urefu na upana kwa sentimita, nazidisha kwa namba moja isiyobadilika. Yangu ilikuwa 2: kazi ya 80 kwa 60 ni 140, mara 2, dola 280. Mtu akiuliza kwa nini hii na si ile, una jibu lisilo na aibu. Hakikisha tu kwamba vifaa havijaipita bei hiyo. Kwa shangazi na binamu punguza pembeni, kimyakimya, si kwenye orodha. Makubaliano na mwenye ukumbi yaandikwe, hata kwenye daftari la shule: mimi niliambiwa asilimia 20 kwa mdomo, siku ya mwisho ikawa 30, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Utaulizwa unafuata nani. Lubumbashi ina wakubwa: tangu 1946 kwenye Hangar, shule ya uchoraji ya Mfaransa Romain-Desfossés, walitoka wachoraji Pilipili, Mwenze, na Bela aliyechora kwa vidole vyake, na mwaka 2006 mpiga picha Sammy Baloji aliunganisha picha za zamani za wafanyakazi na magofu ya viwanda. Mtu akiona karatasi za baba yangu atamtaja Baloji, na hakosei. Mimi hujibu kwamba karatasi hizi zilikuwa chini ya godoro la mama. Tafuta jibu lako fupi, lililo kweli, na ulijaribu mbele ya mtu asiyekupenda sana.

Mialiko: ujumbe wa simu wiki moja kabla, na tena asubuhi yenyewe. Inatosha.

Siku ya kushusha, uwe na mastiki na nusu debe ya rangi ileile ya ukuta. Mimi niliziba matundu 46. Na mnunuzi muulize mapema anabebea nini. Ile kazi ya kilo 19, niliyoishona upya usiku kucha, ilinunuliwa, na mwenyewe akaja kuichukua kwa pikipiki. Tuliibeba kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma, imefungwa vitenge viwili vya mama. Njiani watu wawili walituuliza shaba hiyo tumeitoa wapi.