Tiketi za makumbusho Ulaya: ipi ukate kabla ya safari, ipi uache kwanza

Umaarufu wa mahali haukuambii kama uwahi tiketi au usubiri. Kinachokuambia ni jambo moja: idadi ya watu wanaoingia ina kikomo kisichosogea, au ni foleni tu? Mnara wa Eiffel unajulikana dunia nzima, na bado unaweza kufika bila tiketi ukapanda kwa ngazi. Chumba chenye mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, kule Milan, huingiza watu takriban 40 kwa dakika 15, kisha wanatoka waingie wengine. Hapo hata ukidamka alfajiri haikusaidii.

Pasipouzwa tiketi mlangoni

Hapa ndipo pa kushughulikia mapema. Nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, iko Amsterdam, na huuza tiketi mtandaoni peke yake. Kila Jumanne saa 10:00 kwa saa ya Uholanzi hutolewa tiketi za siku zilizo wiki sita mbele, na katika majira ya joto hazidumu. Van Gogh Museum katika mji huohuo, na kanisa la Sagrada Família la Barcelona, nako ni mtandaoni tu, kwa saa maalumu ya kuingia.

Angalia hesabu ya saa, maana wengi hupotelea hapo. 10:00 ya Amsterdam ni saa nne asubuhi yao. Kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa sita mchana wakati wa baridi ya Ulaya, na ni saa tano asubuhi kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa wao husogeza saa mbele na sisi hatusogezi. Ukikosea hesabu hiyo, utafungua ukurasa ukute siku zimejaa.

Alhambra, ngome ya kale ya Granada, Hispania, ina kikomo cha aina yake. Bustani na ngome havina shida sana, ila Majumba ya Wanasri, yaani ya wafalme Waislamu wa zamani, yana saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na ukiipitisha huingii. Eneo ni kubwa, na kutoka lango kuu hadi kwenye majumba hayo ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Asiyejua hilo hufika langoni kwa wakati, halafu anachelewa akiwa ndani.

Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, iko kati ya kikomo na foleni. Tiketi ya kawaida ni euro 18, inakuingiza pia Foro ya Kirumi na kilima cha Palatino, na hudumu saa 24. Zinafunguliwa siku 30 kabla. Msimu usipokuwa wa watu wengi, siku chache kabla bado utapata. Lakini ukitaka kushuka vyumba vya chini, walikowekwa wanyama na wapiganaji kabla ya kupandishwa uwanjani, kata siku hiyohiyo zinapofunguliwa.

Penye foleni tu

Makumbusho ya Vatikani ni mfano mzuri wa kupima. Kiingilio ni euro 20, na ukikata mtandaoni unaongezewa euro 5. Kwa hiyo swali ni: je, euro 5 zinafaa kukuondolea kusimama juani saa mbili au zaidi? Kati ya Aprili na Oktoba, zinafaa bila mjadala. Jumapili hufungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure. Bure hiyo tunaishauri kwa mwenye miguu imara tu, kwani mlango hufungwa mapema mchana na mstari huzunguka ukuta mzima. Vivyo hivyo Jumapili ya kwanza ya mwezi katika makumbusho ya serikali ya Italia.

Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, hufungwa Jumanne. Tangu Januari 2026, mgeni asiye raia wala mkazi wa eneo la uchumi la Ulaya hulipa euro 32. Asiye na saa aliyoikata anaweza kurudishwa siku ikijaa, kwa hiyo kata, ingawa si lazima iwe mwezi mzima kabla. Wiki moja au mbili aghalabu zinatosha. Jihadhari pia na pasi ya makumbusho ya Paris ya siku 2, 4 au 6: hata ukiwa nayo, Louvre utatakiwa kuchagua saa. Wengi hununua pasi wakidhani wamemaliza.

London ni kinyume kabisa. British Museum, National Gallery na Tate Modern, mikusanyo yao ya kudumu ni bure. Anayekuuzia "tiketi ya British Museum" anakuuzia mwongozaji.

Viza kwanza

Kwa anayesafiri kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, mpangilio ndio wenye uzito. Ombi la viza ya Schengen, viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Ubalozi hauhitaji tiketi za makumbusho. Tiketi nyingi hazirudishwi fedha, na viza kukataliwa si sababu ambayo wauzaji wa tiketi huitambua. Basi omba viza mapema, miezi mitatu kabla kama inawezekana, ili wiki sita za Anne Frank zifike ukiwa na pasipoti mkononi. Zikikukuta viza haijatoka, kata hiyo ya Anne Frank tu. Haifiki euro 20, ni hasara ya kuvumilika. Ziara ya kuongozwa ya euro 80 iache.

Siku ya kukata

Anza na anwani. Ukitafuta "Colosseum tickets", matokeo ya juu huwa ni matangazo ya wachuuzi wanaoongeza bei. Anwani rasmi ya Colosseum ni ticketing.colosseo.it, ya Anne Frank ni annefrank.org, ya Vatikani ni tickets.museivaticani.va.

Fungua akaunti kwenye tovuti hiyo jana yake. Piga simu benki uhakikishe kadi imeruhusiwa manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi, jambo ambalo benki zetu nyingi hulifunga mpaka mteja aombe. Kadi pepe ya pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay ya Kenya, nayo hufaa. Weka salio la ziada kidogo kwa ajili ya ubadilishaji fedha. Namba ya uthibitisho huja kwa ujumbe kwenye laini iliyosajiliwa benki, kwa hiyo simu hiyo iwe karibu yako, kwani tiketi zilizo kikapuni hushikiliwa dakika chache tu.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, la ukoo mahali pake. Colosseum hulinganisha jina na kitambulisho, na Alhambra hukutaka uwe na pasipoti. Watoto wanaoingia bure nao huhitaji tiketi ya euro 0, usiwasahau. Na ile bei ya vijana wa miaka 18 hadi 25 Italia ni ya raia wa Umoja wa Ulaya. Ukiichagua kwa kuwa ni rahisi, utakwama mlangoni. Louvre ni tofauti: mwanafunzi wa Kiafrika mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, akiwa chini ya miaka 26, huingia bure.

Usikate kitu chenye saa kwa siku unayotua. Ndege ya kuunganisha Addis Ababa au Doha ikichelewa, saa yako imekwenda. Siku zinazofuata, weka kimoja asubuhi na kimoja alasiri, na fika nusu saa kabla, kwa sababu ya ukaguzi wa mifuko.

Ukikosa

Angalia tena usiku na asubuhi kwa siku kadhaa: vikapu visivyolipiwa na nafasi zilizofutwa hurudi sokoni. Tafuta kwa mtu mmoja mmoja, maana familia ya wanne inaweza kupata wawili saa 09:30 na wawili saa 09:45. Eiffel, lifti zikijaa, kuna ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, na tiketi zake huuzwa chini ya mnara. Alhambra kuna tiketi ya bustani na ngome bila majumba. Walanguzi walio nje ya Colosseum wapite tu: tiketi wanayokuonyesha ina jina la mtu mwingine.