Kuchagua siku ya kupanda soya ya mbegu Malindi

Masika yakiingia Malindi, kila mtu hukimbilia jembe. Kwa soya unayotaka iwe mbegu ya mwakani, hesabu ianzie mwisho: maganda yatakauka lini, na siku hizo mvua itakuwapo? Ngozi ya punje ya soya ni nyembamba na kiini kimekaa karibu nayo. Punje iliyokomaa ikinyeshewa hufura, ikikauka hunywea, na baada ya kulowa na kukauka mara mbili tatu hupata nyufa zinazopitisha kuvu. Menya ganda moja lililonyeshewa uitazame punje: weupe kama chokaa au doa la zambarau ni dalili ya kuvu.

Aina nyingi hukomaa kati ya siku 90 na 120. Masika yetu hushika Aprili, hupamba moto Mei, na manyunyu ya kusi huendelea hata Julai. Kwa hiyo aina ya siku 120 ipandwe Aprili, mara udongo unapolowa vyema, ili ikauke Agosti. Ile ya siku 90 ikipandwa siku hiyohiyo itakaukia kwenye manyunyu, basi ingoje wiki mbili au tatu. Kungoja zaidi ya hapo sikushauri hata kidogo, kwa kuwa mchanga wetu haushiki maji, na maganda yanayojaza udongo ukiwa mkavu hutoa punje ndogo, zenye makunyanzi, nyingine zikibaki kijani. Soya ya vuli nayo hujaza wakati joto la kaskazi limeanza. Hiyo ni heri iliwe.

Maganda yakishakuwa ya kahawia na punje zikisikika ukiyatikisa, vuna asubuhi kabla hayajapasuka, anika, kisha upukuchue kwa mkono juu ya jamvi, kwani kipigo cha fimbo huumiza kiini. Ili kujua kama punje zimekauka, zitie pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, usubiri dakika 10; chumvi ikiganda kwenye kioo, zianike tena.

Toka Agosti hadi Aprili ni miezi minane ya joto na unyevu wa pwani, na mbegu iliyonyeshewa shambani ndiyo hufa kwanza ghalani. Wiki mbili kabla ya kupanda, funga punje 100 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7. Zikiota 80 au zaidi, zinafaa; zikipungua kidogo, panda kwa kubananisha; zikiota chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine mapema.