SOMO: Kubadilisha jina la domeini ya kampuni kwa rendom

Wakuu, domeini ni kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja kwa Active Directory ya Windows, na rendom ni amri ya kulibadilisha jina. Kabla hujagusa seva yoyote, muulize anayetaka mabadiliko: jina la zamani linamkera wapi? Mara nyingi bosi anataka tu wafanyakazi waingie kwenye kompyuta kwa anwani ya barua pepe, badala ya lile jina linaloishia na .local. Hilo halihitaji somo hili. Fungua Active Directory Domains and Trusts, ongeza kiambishi kipya cha UPN (jina la kuingilia lenye umbo la barua pepe), kiweke kwenye akaunti za watumiaji, basi.

Kama kampuni imenunuliwa na jina la zamani linatakiwa lifutike kabisa, twende.

Angalia kwanza kama kuna Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft) ndani ya domeini. Toleo la 2007 na yaliyofuata hayakubali zoezi hili. Ukiikuta, rendom isahau. Panga kuhamia domeini mpya kwa ADMT, zana ya Microsoft ya kuhamisha akaunti na kompyuta. Kama haipo, chukua bakapu ya System State (mipangilio ya mfumo pamoja na Active Directory) ya domeini kontrola zote, yaani seva zinazoendesha domeini (bakapu ya leo, siyo ya mwezi uliopita), kisha tengeneza zoni ya DNS ya jina jipya.

Kaa kwenye seva ya kawaida iliyomo kwenye domeini, siyo domeini kontrola, uandike:

rendom /list

Utapata faili la Domainlist.xml. Lifungue kwa Notepad. Jina la zamani limejirudia: la domeini yenyewe, tena kwenye DomainDnsZones na ForestDnsZones, sehemu zinazotunza data za DNS. Badilisha yote, pamoja na jina fupi la NetBIOS, ambalo halizidi herufi 15. Mara yangu ya kwanza nilibadilisha la domeini tu, nikajiona nimemaliza. Rendom /showforest, inayoonyesha majina mapya yatakavyokuwa, ndiyo iliyoniumbua, kwa hiyo usiiruke.

Halafu:

rendom /upload
rendom /prepare
rendom /execute

Baada ya /upload usiongeze wala kuondoa domeini kontrola, msitu (forest, yaani mfumo mzima wa domeini zako) umefungwa. Baada ya /prepare fungua Dclist.xml, hakikisha kila kontrola imeandikwa Prepared. Moja ikigoma, itibu kwanza. Kwenye /execute kontrola zote zinajizima na kujiwasha zenyewe, kwa hiyo fanya usiku.

Zikisharudi, washa upya mara mbili ile seva unayofanyia kazi, andika rendom /end kufungua msitu, kisha urekebishe GPO, yaani sera zinazotumwa kwa kompyuta na watumiaji (weka majina yako badala ya haya ya mfano):

gpfixup /olddns:kale.local /newdns:ad.example.com /oldnb:KALE /newnb:MPYA

Sasa kompyuta za watumiaji. Kila moja iwashwe upya mara mbili, kwa Restart, siyo kwa kuchomoa waya wa umeme. Laptop za Wi-Fi zichomeke kebo ya mtandao kwanza. Hapa ndipo watu wanapochoka, wanakimbilia rendom /clean. Mimi nilibeba orodha ya mashine nikazipitia meza kwa meza, na bado mbili zilinikimbia. Amri ya /clean inafuta kumbukumbu ya jina la zamani, kwa hiyo isubiri hadi orodha iishe.

Domeini kontrola zenyewe bado zinabeba jina refu la zamani. Zibadilishe moja moja kwa netdom computername, kwa /add halafu /makeprimary, na uwashe upya.

MASWALI

Swali: Mkuu, watu hawatapoteza dekstopu na mafaili yao?
Jibu: Hapana. SID (namba ya utambulisho) ya akaunti haibadiliki, kwa hiyo profaili ni ileile. Ukihama kwa ADMT ndiyo unapata akaunti mpya yenye SID mpya, na hapo unahitaji SIDHistory (kumbukumbu ya SID ya zamani) ili ruhusa za zamani ziendelee kufanya kazi.

Swali: Naweza kuchagua .local tena? Nimeizoea.
Jibu: Achana nayo. Tangu 2013 RFC 6762 (waraka wa viwango vya intaneti) imeitenga kwa ajili ya mDNS, njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutafutana bila seva ya DNS, na watoa vyeti vya usalama (SSL) wa umma hawatoi tena vyeti vya majina ya ndani. Tumia tawi la jina la intaneti ambalo kampuni inalimiliki, kama ad.example.com.

Swali: Nimeshapiga /clean, leo meneja karudi safari na laptop yake haiingii. Nafanyaje?
Jibu: Ingia kwa akaunti ya admin ya mashine hiyohiyo, itoe kwenye domeini, iwashe upya, iingize kwenye domeini mpya. Kama huna paswodi ya hiyo akaunti, hilo ni tatizo jingine, tuliangalie kivyake.