Kupanga kimo cha skrini ya kompyuta ya mezani

Anza na kiti, skrini iwe ya mwisho. Ukibadilisha kimo cha kiti macho nayo yanahama, na kipimo ulichochukua mwanzo hakifai tena. Kaa hadi makalio yaguse egemeo, nyayo zitulie sakafuni, viwiko vikunjike karibu nyuzi 90 vidole vikiwa kwenye kibodi. Meza ikiwa juu mno, pandisha kiti na uweke kibao cha kukanyagia, miguu isining'inie.

Sasa kaa unavyokaa kazini kweli. Ule unyoofu wa kupigia picha haudumu hata dakika kumi, kwa hiyo usiupimie. Mwombe mtu apime kwa futi ya kamba kutoka juu ya meza hadi kona ya jicho lako. Tuseme amepata sentimita 44. Kisha pima skrini yenyewe bila stendi, kuanzia fremu ya juu hadi ya chini. Kioo cha inchi 24 cha umbo pana la kawaida kina kimo cha takriban sentimita 30, cha inchi 27 kama 34, na cha inchi 32 kama 40. Fremu huongeza kidogo. Ukipata 32, basi 44 toa 32 ni 12. Ukingo wa chini wa skrini usipande zaidi ya sentimita 12 kutoka mezani, na hapo ukingo wa juu utakuwa sawa na macho. Kushusha sentimita mbili au tatu zaidi si kosa. Wengi hata huona raha zaidi.

Kuinua mno ndiko kubaya. Kidevu hupanda, shingo hukunjika kwa nyuma, na kope hufunguka sana hadi macho yanakauka upesi. Skrini iliyo chini mno nayo huvuta kichwa mbele, na misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokibeba kutwa nzima. Shabaha ni katikati ya kioo iwe nyuzi 15 hadi 20 chini ya usawa wa macho.

Umbali ni kama mkono ulionyooshwa: si chini ya sentimita 50, si zaidi ya mita moja. Maandishi yakiwa madogo, yakuze kwenye mipangilio hadi asilimia 125 au 150 badala ya kuisogeza skrini. Halafu inamisha sehemu ya juu ya kioo nyuma, nyuzi 10 hadi 20, kioo kikuelekee usoni. Taa ya dari ikianza kung'aa juu yake, punguza mwinamo huo kwanza kabla ya kugusa kimo.

Stendi inayopanda na kushuka ishike kwa pande mbili za fremu, usisukume kioo. Ikigoma ikiwa mpya, huenda ina pini ya kufunga. Usiichomoe kabla skrini haijafungwa kwenye stendi, kwani springi iliyo ndani huirusha stendi juu kwa nguvu. Kabla ya kuigeuza skrini upande wake mrefu usimame wima, ipandishe hadi mwisho, la sivyo kona yake itagonga meza.

Stendi isiyopanda inahitaji kitu chini yake. Rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80, shiti 500, ina unene wa karibu sentimita 5, kwa hiyo mbili ni 10. Acha karatasi ndani ya kifungashio chake. Kitako cha stendi kikiwa kipana kuliko rimu, weka ubao mgumu katikati, maana skrini yenye mguu mmoja hewani itaanguka siku utakapoipangusa vumbi.

Mkono wa kushikilia skrini, unaofungwa mezani badala ya stendi, hutumia matundu manne ya VESA (mpangilio sanifu wa matundu ya kufungia) nyuma ya skrini, yaliyopishana milimita 75 au 100, kwa kawaida skrubu za M4. Skrubu ikikaza kabla kichwa chake hakijafika mwisho, ni ndefu mno. Usiilazimishe, itatoboa vilivyomo ndani. Linganisha uzito wa skrini na kiwango kilichoandikwa kwenye mkono. Skrini ikishuka yenyewe, ongeza mkazo wa springi kwa spana ya L. Ikipanda yenyewe, upunguze. Siku ya kuifungua, upandishe mkono hadi juu kabisa kwanza, kwani ukipunguziwa mzigo ukiwa chini utakurukia. Acha pia waya za umeme na picha ziwe na ulegevu wa kutosha skrini ikiwa juu kabisa, zisivute soketi.

Skrini mbili ziwe na ukingo wa juu ulio sawa. Unayoitumia zaidi ikae mbele yako, ya pili pembeni ikiwa imegeuzwa kidogo kukuelekea.

Ya inchi 32 mara nyingi haishuki vya kutosha. Isogeze hadi kama sentimita 80, ishushe hadi mwisho wa stendi, na madirisha unayosoma sana yaweke theluthi mbili za chini.

Anayevaa miwani ya bifokali, yaani yenye sehemu ya kuonea mbali na ya kusomea kwenye lenzi moja, asifuate hesabu ya hapo juu kama ilivyo. Sehemu ya kusomea iko upande wa chini wa lenzi, hivyo atainua kidevu kuitafuta bila kujua. Aishushe skrini sentimita tatu tatu na kuinamisha kioo nyuma zaidi, hadi aweze kusoma mstari wa juu kabisa kidevu kikiwa kimetulia.