Flashi ikionekana tupu, usiifomati

Msimu wa korosho hapa Masasi, flashi za makarani hupita kwenye kompyuta nyingi, na virusi huficha mafaili ya mizani. Tafadhali usifomati! Mara nyingi data ipo, imebandikwa tu alama mbili za zama za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta: ya kufichwa na ya mfumo. Ukiandika programu kwa lugha ya Java, kuanzia toleo la 7 la mwaka 2011, soma kwanza alama kwa Files.getAttribute(njia, "dos:hidden"), ambapo njia ni mahali faili lilipo. Ikirudisha true, andika Files.setAttribute(njia, "dos:hidden", false), kisha fanya vivyo hivyo kwa "dos:system". Ipo pia "dos:archive". Hiyo iache, programu za kutunza nakala huitumia. Nawe unayetumia lugha ya Python, os.chmod kwenye Windows hubadilisha alama ya kusoma-tu peke yake, hivyo haitaondoa hizo mbili.