Taa za kuibuka zisipoibuka: kusaka uvujaji wa vakyumu kwenye Corvette ya 1968 hadi 1982

Corvette za miaka hii, magari ya michezo ya Chevrolet, hunyanyua taa za mbele kwa vakyumu ya injini (nguvu yake ya kunyonya hewa), si kwa mota. Taa ikiishia nusu, au moja ikichelewa kuliko mwenzake, usikimbilie kununua kopo jipya la diaframu, yaani lile lenye utando ndani unaovutwa na vakyumu ili kusogeza taa. Pima kwanza, maana mara nyingi mbovu ni mpira wa kupitishia vakyumu uliokauka na kupasuka pale unapovikwa kwenye mdomo wa chuma.

Andaa geji ya vakyumu, pampu ya mkono yenye geji, kiungo cha T na utepe wa kuwekea alama. Weka alama kila mpira kabla ya kuuchomoa. Injini ikiwa inawaka usiweke vidole karibu na taa, kwani hujifunga ghafla na kwa nguvu.

Hatua ya 1: Chanzo. Injini ikishapata moto, iache sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta) na usome vakyumu ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia, ni nzuri. Kemshafti ya mashindano (shafti inayofungua vali za injini) hushusha kiasi hicho, na hapo taa huwa nzito hata kama hakuna kinachovuja.

Hatua ya 2: Vali ya njia moja, kati ya manifoldi na tenki la akiba ya vakyumu. Ichomoe uipulize: hewa ipite kuelekea injini tu, isirudi. Dalili yake haifichiki. Taa hufanya kazi vizuri kwenye sailensa, lakini ukikanyaga mafuta mpaka chini zinalegea, kwa sababu vakyumu ya manifoldi hushuka karibu na sifuri na akiba ya tenki inapotelea huko.

Hatua ya 3: Tenki. Vuta inchi 15 kwa pampu na usubiri dakika 5. Sindano ikishuka, kagua viungio vyake kabla ya kulilaumu tenki lenyewe.

Hatua ya 4: Makopo ya diaframu. Hapa usiharakishe. Kila kopo lina midomo miwili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga. Chomoa mipira yote miwili, vuta inchi 15 kwenye mdomo mmoja, kisha gusa ule mwingine kwa kidole. Kidole kikinyonywa, diaframu imetoboka. Kisiponyonywa na sindano bado inashuka, rudia upande wa pili. Upande unaopitiwa na fito inayosogeza taa ukivuja peke yake, diaframu ni nzima; kilichoisha ni sili ya fito, na taa kama hiyo hukwama upande mmoja wa mwendo tu.

Hatua ya 5: Rilei na swichi. Kila taa ina rilei yake, yaani vali inayoelekeza vakyumu kwenye kopo. Zibadilishane nafasi, kosa likihamia upande wa pili, rilei ndiyo mbovu. Taa zote mbili zikigoma kwa swichi kuu lakini zikainuka kwa ile ya dharura iliyo chini ya dashibodi, shuku vali iliyo nyuma ya swichi kuu.

Hatua ya 6: Vyuma. Mipira ikiwa imechomolewa, nyanyua taa kwa mkono. Ikikwaruza, safisha egemeo, badilisha bushi zilizolika na upake grisi. Hakuna vakyumu inayoshinda kutu.

Kwa mipira ambayo bado ni laini, kata sentimita moja ya mwisho na uuvike upya. Iliyokakamaa itupe yote. Kisha zima injini na uwashe taa: tenki lenye akiba linapaswa kuzinyanyua angalau mara moja.