Namna ya Kurekebisha Dodoso la Kujitunza kwa Wagonjwa wa Kisukari Dar es Salaam

Madodoso mengi yanayopima jinsi mgonjwa anavyomudu maradhi ya kudumu yalitungwa Marekani, Australia au Ulaya, hivyo anayetaka kuyatumia katika kliniki ya kisukari ya Temeke, Amana au Mwananyamala hana budi kuyarekebisha kwanza. Anza kwa kumwandikia mwenye hakimiliki, kwa sababu baadhi hutolewa bure na mengine, kama kipimo cha Morisky cha ufuasi wa dawa, huhitaji leseni. Ikiwa majibu yatatumika katika utafiti, omba pia kibali cha kamati ya maadili mapema.

Utaratibu wa kutafsiri uliozoeleka ni ule ulioelezwa na Beaton na wenzake mwaka 2000: watafsiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja kivyake, kikao cha kuoanisha matini zao, watafsiri wengine wa kuirudisha matini hiyo katika lugha ya awali bila kuliona dodoso asilia, kamati ya wataalamu, na hatimaye majaribio kwa watu 30 hadi 40. Hatua hizo zimeelezwa kwingi na sitazirefusha. Kinachopuuzwa, kwa maoni yangu, ni kuchunguza kama tendo linaloulizwa lipo katika maisha ya mgonjwa.

Tuchukue SDSCA (Summary of Diabetes Self-Care Activities), dodoso linalomuuliza mgonjwa wa kisukari ni siku ngapi kati ya saba zilizopita alitekeleza jambo fulani. Swali mojawapo linahusu kukagua ndani ya viatu. Lina maana yake, kwani aliyepoteza hisia miguuni anaweza kutembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu asijue. Lakini aliyeshinda wiki nzima na ndala atajibu sifuri, na alama zake zitashuka, hata kama kila jioni anaosha miguu na kuzitazama nyayo. Kwake hatari ni msumari au kigae cha chupa kilichopenya soli iliyolika. Ningeshauri kamati itangulize swali la kile anachovaa, kisha imuulize kila mmoja kuhusu ukaguzi unaomhusu.

Swali la kupima sukari lina tatizo kubwa zaidi. Asiye na mashine nyumbani, au aliyeishiwa stripu kabla ya mwisho wa mwezi, hupata sifuri sawasawa na mzembe, na hapo dodoso linapima kipato. Ongeza swali la kama anacho kifaa, na majibu ya wasionacho yachambuliwe peke yake. Upande wa chakula, idadi ya vipimo vya mboga na matunda haihesabiki kirahisi kwa wanaokula sinia moja. Onyesha bakuli halisi lenye mchicha au matembele. Mfungo wa Ramadhani hubadili saa za kula na za dawa, kwa hiyo usikusanye majibu mwezi huo na kuyachanganya na ya miezi mingine.

Wakati wa majaribio, usiridhike na tarakimu. Uliza: "Mzee, umesema siku tano, ni siku zipi hizo?" Mmoja atakuwa amehesabu kuanzia Jumatatu, mwingine kurudi nyuma kuanzia leo. Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi hushika masharti vizuri siku chache kabla ya kliniki, kwa hiyo wiki inayoulizwa huenda ndiyo iliyo bora kuliko zote. Ikiwezekana, baadhi wahojiwe katikati ya miadi. Anayehoji asiwe nesi anayewakaripia kwa kuruka dozi, wala mahojiano yasifanyike mbele ya foleni. Kwa kuwa kisukari hudhoofisha macho, na si wote wanaosoma kwa urahisi, wasomewe wote maswali kwa sauti, hata wanaojua kusoma, ili njia ya kuuliza iwe moja.

Baada ya hapo fanya vipimo vya takwimu. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya kundi moja yanavyokubaliana, ya 0.70 au zaidi ndiyo inayotazamiwa kwa kawaida, ikokotolewe kwa kila sehemu badala ya dodoso zima, na baadhi ya wahojiwa waulizwe tena baada ya takribani wiki mbili ili kuona kama majibu yao yanalingana. Kila badiliko liandikwe kando ya swali la awali pamoja na sababu yake. Alama za sehemu zilizobaki na maswali yake ya awali zinaweza kulinganishwa kwa tahadhari na za nchi nyingine. Za sehemu ya miguu, ambayo sasa imebadilika, zitolewe peke yake.